Nimekwama kwenye mapigo 96, wimbo unataka 120

Shikamoo mwalimu,

Siku zote nasoma kimyakimya majibu unayowapa wapiga gitaa wenzangu, leo nimeona bora nami nijitokeze. Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu wanne, na wiki tatu kuanzia leo tuna onyesho. Nyimbo ziko nane. Saba nazipiga hata nikiwa na usingizi. Huu wa nane ndio unanitoa jasho, na kwa bahati mbaya ndio unaofunguliwa na besi peke yake, kabla ngoma hazijaingia.

Sehemu inayonisumbua ni fupi mpaka naona aibu kuieleza. Ni noti nane ndani ya mapigo mawili, nne kwa kila pigo: A ya chini mara mbili, A ya juu, kisha nashuka G, E, D, C na kurudi A ileile niliyoanzia. Baada ya hapo kuna E mbili za uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, na kimya kidogo, halafu mzunguko unaanza upya. Nilijifunza kwa kutazama video. A za chini nabonyeza freti ya 5 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) kwenye uzi wa E, ulio mnene kuliko wote, A ya juu freti ya 7 kwenye uzi wa D, na G iko freti ya 5 ya uzi huohuo. E na D napata kwenye uzi wa A, freti ya 7 na ya 5. C nairudisha freti ya 3 ya uzi wa A, ndipo naruka kwenda freti ya 5 ya uzi wa E kumalizia. Freti ya 5 na ya 3 nabonyeza kwa kidole cha shahada, ya 7 kwa kidole cha pete.

Wimbo unakwenda mapigo 120 kwa dakika. Nilianza na metronomu, kile chombo kinachogonga mapigo, kwenye 60, na kila nikipiga mara tano bila kosa naongeza mapigo mawili. Wiki mbili tu nikawa 90, nikajiona bingwa. Wiki ya tatu nikafika 96. Sasa ni wiki ya saba na bado niko palepale. Nikiweka 98 noti za mwisho zinarundikana, nikirudi 96 zinakaa sawa. Kila jioni nafanya saa mbili. Siku hizi mkono wa kushoto unauma kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, na asubuhi naamka vidole vimekakamaa.

Mpiga solo wetu anasema ninunue nyuzi nyembamba. Mpiga ngoma anasema nilichelewa, maana nilishika besi nikiwa na miaka 31, vidole vimeshakomaa. Mwenyewe nimeanza kuamini. Swali ninaloogopa kulitamka mbele yao ni hili: je, kuna watu ambao vidole vyao vina mwisho wa kasi, na mimi ni mmoja wao?

Wako,
Vidole vya Mbao

* * *

Marahaba mdogo wangu Vidole vya Mbao,

Tuanze na huo mkono, maana kifundo kinachouma hakijui kama una onyesho. Leo na kesho besi iache ukutani. Ukirudi, saa mbili za mfululizo ndio basi tena, na huko mbele nitakwambia ufanye nini badala yake. Ukipumzika na maumivu yakabaki vilevile, au vidole vikaanza kufa ganzi, muone daktari kabla hujapiga noti nyingine. Kano za mkono zikishavimba haziponi kwa ubishi. Najua, kwa sababu niliwahi kubishana nazo, nikakaa miezi miwili nikiwatazama wenzangu wakifanya mazoezi.

Sasa barua yako. Nimeisoma nikiwa na besi mapajani, nikapiga noti zako vilevile ulivyoziandika, kwa vidole vilevile. Nilipofika kwenye C nikacheka peke yangu. Si kwa kukudharau. Nimeliona kosa ambalo nililibeba mwenyewe kwa msimu mzima, kwenye wimbo mwingine, mpaka mzee mmoja mpiga besi alipokuja mazoezini. Hakusikiliza hata kidogo, alikaa akiutazama mkono wangu wa kushoto, kisha akaniuliza, "Huko chini unakwenda kufanya nini?"

Nami nakuuliza hivyohivyo. Freti ya 3 unaifuata kwa nini?

Hebu tupige hesabu. Mapigo 120 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, ni noti nane kwa sekunde. Kipande chako chote kinaisha ndani ya sekunde moja kamili. Kwenye 96, unapokipiga sasa bila shida, kinachukua sekunde moja na robo. Maana yake umebakiza robo ya sekunde tu, igawanywe kwa noti nane. Mtu aliyefika hapo hana vidole vya mbao.

Lakini angalia safari ya kile kidole cha shahada. Kwenye besi ya kawaida, ambayo uzi wake unaotikisika una urefu wa kama sentimita 86, kutoka freti ya 5 kwenda ya 3 ni takriban sentimita nane. Unapiga D, mkono mzima unarudi nyuma sentimita nane kupiga C, halafu unaruka sentimita nane tena, safari hii na kubadili uzi, ili kuipata A. Kwenye mapigo 120, kila safari ina sehemu moja ya nane ya sekunde, na bado kidole kinatakiwa kitue, kibonyeze na noti isikike. Noti nyingine zote sita ziko chini ya kiganja, hazikudai usogee hata kidogo. Unabanwa na C moja.

Kwenye mapigo 60 kosa hili halionekani kabisa. Kila noti ina robo ya sekunde, mkono una muda wa kwenda, kurudi na kupunga upepo. Ndiyo maana ulipanda ngazi vizuri hadi 90. Metronomu haikukudanganya, lakini haina macho: inakuambia umewahi au umechelewa, haikuambii umepita njia gani. Umeirudia njia ndefu kwa wiki saba mpaka mkono umeikariri. Na aliyerekodi ile video simlaumu sana. Akionyesha polepole, C ya freti ya 3 inaeleweka upesi kwa mwanafunzi, maana inabaki kwenye uzi huohuo. Ni njia nzuri ya kueleza na njia mbaya ya kukimbilia.

C hiyohiyo, kimo kilekile cha sauti, iko freti ya 8 ya uzi wa E. Weka kidole cha shahada freti ya 5, cha pete freti ya 7, na kile cha mwisho kitaikuta freti ya 8 bila mkono kuhama. Sasa shuka: A kwa kidole cha pete, G kwa shahada, E kwa pete, D kwa shahada, C kwa kidole cha mwisho, A kwa shahada. Kwenye uzi mnene C inatoka nzito kidogo kuliko ile uliyoizoea. Mimi uzito huo naupenda, hasa kwa besi inayofungua wimbo peke yake, ila usishtuke ukiisikia tofauti siku ya kwanza.

Kidole cha mwisho kitalalamika. Usikivute kwa nguvu huku shahada imeng'ang'ania freti ya 5, kwa sababu kutoka ya 5 hadi ya 8 ni kama sentimita kumi na huna sababu ya kuzishika zote kwa wakati mmoja. D ikishalia imekwisha kazi, achia. Gumba likae nyuma ya shingo ya gitaa, usawa wa kidole cha kati, na uliache jepesi kiasi kwamba mtu akitaka kulibandua alibandue. Kiganja kijigeuze kidogo kuelekea freti ya 8, kama unavyozungusha kitasa cha mlango. Ukibana shingo kama koleo utarudi kwenye maumivu yaleyale, na nina hakika kubwa kwamba huko ndiko yalikotokea.

Mkono wa kulia hukuuandikia hata neno moja. Wapiga besi wengi wako hivyo, wanadhani kushoto ndiko kwenye wimbo na kulia ni kucharaza tu. Kabla hujaendelea kusoma, chukua besi, au kwa leo piga hewani, uniambie: unaanza na kidole gani?

Nadhani unaanza na cha kati. Kama ndivyo, na unapishanisha vidole viwili kwa utaratibu, basi kila unapohama uzi ukishuka, kutoka D kwenda A na kutoka A kwenda E, shahada inakuwa imebaki kwenye uzi mwembamba zaidi na kidole cha kati kinalazimika kuiruka ili kuufikia uzi mnene ulio juu yake. Kidole cha kati ni kirefu, kinapenda kwenda upande wa nyuzi nyembamba. Kukirudisha upande wa nyuzi nene mbele ya shahada ni kukikunja dhidi ya umbo lake. Kinaweza, ila kwa noti nane kwa sekunde utasikia kinavyosuasua.

Anza na shahada. Tazama kinachotokea: A mbili za chini ni shahada na kati. A ya juu na G ni shahada na kati. E na D, vivyo hivyo. C na A, vivyo hivyo. Noti zako zimejipanga mbilimbili kwa kila uzi, kwa hiyo kila uzi unafunguliwa na shahada na kufungwa na kidole cha kati, mwanzo hadi mwisho. Hilo limewezekana kwa sababu C imehamia uzi wa E. Ungeiacha freti ya 3, uzi wa A ungekuwa na noti tatu na mpangilio wote ungevurugika. Mahali pagumu panabaki pamoja tu, pale unaporuka kutoka uzi wa E kwenda wa D bila kugusa wa A. Hapo hakikisha gumba la kulia linashuka kuegemea uzi wa E, la sivyo utaunguruma chini ya noti zote zinazofuata.

Kuna watakaokushauri uburuze kidole kimoja kupitia nyuzi mbili unaposhuka, kidole kilekile kiangukie uzi unaofuata na kuupiga. Ni mbinu nzuri na mimi naitumia. Lakini ina tabia ya kuharakisha noti ya pili, na wewe huihitaji hapa.

Mazoezi sasa. Kwa siku mbili au tatu utapiga vibaya kuliko ulivyokuwa ukipiga, na itakuuma. Mkono umezoea kukimbilia freti ya 3, utaukuta umeshafika huko kabla hujafikiri. Kwa hiyo anza bila metronomu kabisa, polepole kiasi cha kuweza kutaja jina la kila kidole kwa sauti kabla hakijagusa uzi. Dakika kumi, uweke besi chini. Rudi baada ya saa moja, dakika kumi nyingine. Mara tatu kwa siku inakutosha. Nusu saa ya kichwa kilicho macho inashinda zile saa mbili zako, ambazo naapa saa ya pili ulikuwa unaukariri uchovu. Na usishangae jambo likikataa jioni kisha likakubali lenyewe asubuhi. Usingizi hufanya sehemu yake ya kazi.

Vidole vikishajua njia, ile ngazi ya kuongeza mapigo mawili mawili iache. Weka metronomu kwenye 120 siku hiyohiyo. Usiogope, hutapiga noti nane. Utapiga mbili: D na C, basi. Anza D kwa kidole cha kati cha kulia, kwa sababu ndicho kitakachoipiga kwenye wimbo, na C kwa shahada. Piga mbili hizo kwa kasi yake halisi, nyamaza mapigo manne, legeza mabega, rudia. Zikitoka safi mara kumi, ongeza A: D, C, A. Halafu E mbele yake: E, D, C, A, na hapo E iangukie juu ya pigo lenyewe la metronomu. Halafu usiishie kwenye A, piga na E ya uzi mtupu inayofuata kwenye pigo la pili. Noti ya kutulia ni muhimu kuliko unavyodhani. Mtu anayejua anakokwenda kutua haharakishi njiani.

Kichwa cha mstari kifanyie hivyohivyo: A, A, A ya juu, G, na utue kwenye E. Umeona tulichofanya? E hiyo ndiyo mwisho wa kipande cha kwanza na mwanzo wa cha pili. Daima malizia kipande kwenye noti ya kwanza ya kinachofuata, kwa sababu mistari ya besi hukatikia kwenye maungio. Ukipiga vipande viwili vizuri kimoja kimoja, kisha ukaviunganisha vikavunjika, usirudie vyote. Piga G na E tu, mara ishirini.

Kwa nini kasi kamili mapema namna hii? Kwa sababu mwendo wa haraka si mwendo wa pole ulioharakishwa. Mtu anayekimbia hatembei upesi, anatupa miguu kwa namna nyingine. Vidole navyo, kwenye noti nane kwa sekunde, havina nafasi ya kuamua noti moja moja. Vinatupa noti nne kwa mkupuo mmoja. Mkupuo huo huwezi kuujua ukiwa kwenye 70. Unaujua ukiupiga, hata kama ni kipande kifupi cha noti mbili tu.

Polepole bado ina kazi yake, ya ukaguzi. Mara moja kwa siku piga mstari wote kwenye 60 ukitazama vidole vya kushoto vinanyanyuka umbali gani kutoka kwenye uzi. Kikipita sentimita moja kinapoteza muda. Na ucharaze kwa wepesi. Ukitaka sauti kubwa ongeza kwenye amplifaya, imenunuliwa kwa kazi hiyo.

Jirekodi kwa simu. Usikilize kesho yake, si palepale, maana palepale sikio linasikia ulichokusudia. Nadhani utagundua kuwa noti yako inayochelewa sasa ni tofauti na ile uliyokuwa ukiishuku.

Kuhusu nyuzi nyembamba: hapana, si sasa. Kama nyuzi zako ziko juu mno ya freti, mpelekee fundi azishushe, hilo litakusaidia hata mkono. Lakini nyuzi mpya hazitakuzuia kwenda freti ya 3.

Kuhusu miaka 31 na vidole vilivyokomaa, mwambie mpiga ngoma wako aje tuzungumze. Kuna James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo zisizohesabika za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960. Alitoka kwenye besi kubwa ya kusimama, na alipohamia ya umeme aliendelea kucharaza kwa kidole kimoja tu, shahada ya kulia, wakakipa jina la Ndoano. Kidole kimoja! Na mistari yake mpaka leo inawatoa jasho wenye viwili. Kwa hiyo swali lako unaloogopa kulitamka nalijibu hivi: ndiyo, kila mtu ana mwisho wake wa kasi, wewe na mimi pia. Wako si 96. Huwezi hata kuujua uko wapi kabla hujautafuta kwa njia fupi.

Wiki tatu zinakutosha ukianza keshokutwa. Fika hadi 126 kwenye mazoezi, kwa sababu bendi ikipanda jukwaani huwa inaharakisha bila mtu kukusudia, na wewe ndiye unayefungua wimbo. Ukiona mazoezi ya mwisho yamefika na mstari bado haujakaa, toa D na C, acha E irefuke kujaza nafasi yao, kisha A. Zinabaki noti sita, wimbo unasimama, na hakuna atakayekuja mbele kudai mbili zilizobaki. Wenzako waambie mapema ili wasigeuke kukutazama. Na huyo mpiga ngoma, kabla hujaanza, mwombe akugongee vijiti mapigo manne ya 120 halisi, ayapime kwa metronomu sikioni, si kwa furaha aliyo nayo usiku huo.